Joto la Watu Wawili

Sura ya Sita

Grafu ilisema kulikuwa na watu wawili ndani ya chumba kilichofungwa.

Nilirudia hesabu mara tatu. Mara ya kwanza nilijiambia ni uchovu, maana mwanangu alikuwa anaota jino la nyuma na sote wawili hatukuwa tumelala vizuri wiki nzima. Mara ya pili nililaumu kompyuta. Mara ya tatu nilifunga mlango wa ofisi, nikachukua penseli, nikapiga hesabu kwa mkono kama tulivyofundishwa kwenye masomo ya jioni, na jibu likatoka lilelile. Kila siku, kuanzia saa tisa alasiri hadi kama saa kumi, joto la chumba cha mfano lilipanda kuliko vile jua peke yake lingeweza kulipandisha. Halikupanda sana. Lilipanda kiasi cha wati mia mbili.

Kwa mtu mwingine hizo ni balbu mbili za zamani. Kwetu sisi tunaobuni kuta za nje za majengo makubwa, wati mia mbili ni watu wawili. Kabla hujachora dirisha hata moja unahesabu kila kitakachotia joto ndani: jua, taa, kompyuta, na binadamu. Mtu aliyekaa ametulia hutoa wati mia hivi, awe bosi au mfagizi, awe anacheka au analia. Ukikosea hesabu ya watu, viyoyozi vitahangaika mchana kutwa, na jengo la ghorofa kumi na tano litakula umeme kama mji mdogo.

Watu wawili. Wamekaa. Wametulia.

Na funguo za chumba kile zilikuwa mbili tu. Mmoja ulikuwa kwenye mkoba wangu, nimeufunga kwa utepe wa nywele wa mwanangu usinipotee. Mwingine alikuwa nao yeye.

Yeye ni Fundi Vioo. Karakana nzima ya vioo wanamwita hivyo, na mimi pia, hata baada ya ile jioni aliponishika mkono katikati ya vipande vya kioo akaniambia, "Mama Kivuli, nataka nizeeke nikikusikiliza unavyobishana na jua." Mama Kivuli ni mimi. Wafanyakazi walinibatiza jina hilo kwa sababu ya mbavu za alumini ninazozichora nje ya madirisha, zile zinazokata jua la alasiri lisiingie ndani. Nilicheka, nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nimeshakaa miaka mitatu bila kumwambia mtu yeyote ndiyo, tangu baba wa mwanangu alipokwenda kutafuta kazi akapata na familia nyingine hukohuko.

Nikakunja ile grafu, nikaitia mkobani pamoja na kamera ya joto, nikaondoka ofisini bila kumuaga mtu. Ilikuwa saa nane.

*

Chumba cha mfano kinatisha kidogo ukikitazama, hata kama umekibuni mwenyewe. Kabla jengo kubwa halijavalishwa ukuta wake, tunajenga kipande kimoja tu cha ukuta huo, kwa ukubwa wake halisi, na chumba kimoja nyuma yake. Tunakipiga maji, tunakipulizia moshi, tunakifungia vipima joto saba, tunakiacha juani kwa wiki nne. Kwa hiyo pale nyuma ya karakana, katikati ya magugu na makreti ya vioo, kulisimama ofisi moja ya ghorofa ya tisa iliyoshushwa chini, haina jengo, haina ngazi, haina jirani. Dirisha lake kubwa lilitazama magharibi kama linamngoja mtu.

Kioo chake ni cha tabaka mbili. Ukisimama mbele yake unajiona wawili: mmoja ni wewe, mwingine amesimama nyuma yako kidogo, amefifia, anafanya kila unachofanya. Nimeshazoea. Lakini siku hiyo nilipoinua mkono kufuta jasho, nilijikuta namtazama yule wa nyuma, nahakikisha na yeye ameinua.

Tena ukuta ule ulikuwa na sauti. Kati ya kioo cha nje na kile cha ndani kuna uwazi wa kama hatua moja. Hewa ya humo ikipata moto inapanda, inatokea kwenye matundu ya juu, na mpya inavutwa kwa chini. Ndivyo jengo linavyojipoza bila kuwasha kitu. Ila ilipokuwa ikipita kwenye matundu ilitoa mvumo mrefu, unakuja, unakatika, unakuja tena. Wafanyakazi walinitania: "Mama Kivuli, mgonjwa wako anahema huku!"

Mtu mmoja hakuwahi kucheka utani huo. Mama yake Fundi.

Nyumba yake iko nyuma kabisa ya karakana, imetenganishwa na chumba cha mfano kwa kijia chembamba tu. Marehemu mumewe ndiye aliyeianzisha karakana, akakata vioo hadi vumbi lilipomshinda kifua, na alikuwa na miaka mitatu kaburini. Yeye mwenyewe anashona mapazia ya maofisi. Mama Mapazia, ndivyo anavyojulikana. Na mimi, kwa bahati yangu, ndiye niliyebuni jengo la ghorofa kumi na tano lisilohitaji pazia hata moja.

Fundi aliponipeleka kwake mwezi uliopita alinipokea vizuri, akanimiminia chai, akaniuliza habari za mtoto. Kisha akamgeukia mwanawe kana kwamba nimeshatoka.

"Mwanamke anayejenga nyumba zisizotaka mapazia, kwake atasitiri nini?"

"Mama!"

"Nimeuliza tu. Ana mtoto, sawa, watoto ni baraka. Lakini mimi sikubali. Na ule ukuta wake," akashusha sauti, "ule ukuta wake una mtu."

Fundi alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na chai mdomoni, na macho ya yule mama yalikuwa makavu na ya kweli. Tangu siku hiyo hakutaka kuisikia habari ya posa. Fundi akaniambia tusubiri, chumba cha mfano kikishapita ukaguzi na kubomolewa, mama atatulia.

Ukaguzi ulikuwa kesho yake.

*

Nilimkuta Fundi anafuta vumbi kwenye mbavu za alumini, amepandisha mikono ya shati, vumbi la kioo linametameta kwenye nywele za mikono yake. Aliponiona uso wake wote ulifunguka, na moyo wangu, mpumbavu yule, ukamkimbilia kabla yangu.

"Umekuja mapema! Nilikuwa nawaza jinsi ya kukuita."

"Nani unamleta humu ndani?"

Kitambaa kilibaki hewani. "Nini?"

"Saa tisa. Kila siku. Nani unamleta?"

Nilimpa grafu. Akaitazama, akaigeuza, akairudisha kama ilivyokuwa. Mdomo wake ukaanza kucheka na macho yake hayakuufuata.

"Kwa hiyo nimeletwa mahakamani na kipimajoto?"

"Kipimajoto hakina sababu ya kunidanganya."

"Na mimi ninayo?"

"Funguo ni mbili, Fundi. Wangu hautoki mkobani."

"Saa tisa mimi niko kwenye jengo, nimening'inia kwenye kamba na mafundi sita. Waulize."

"Ufunguo unaweza kumwazima mtu. Na mafundi nimeshawauliza kwa simu."

Nilijua nimekosea neno lilipokuwa bado linatoka. Huwa ana tabia ya kuniangalia mimi halafu kivuli changu kwenye kioo, anasema anapata wawili kwa bei ya mmoja. Safari hii alikiangalia kile kivuli tu.

"Umewauliza," akasema. "Umenichunguza. Kabla hujaniuliza mimi."

"Niliwahi kutouliza, nikaachwa na mtoto wa miaka miwili mkononi."

"Sikukuacha mimi."

"Basi niambie ni nani!"

"Sijui ni nani! Sijui hata kama kuna mtu!" Akajishika, akashusha sauti. "Tukioana tutakaa wangapi ndani ya nyumba? Mimi, wewe, mtoto, na kipimajoto? Kila nikichelewa utaangalia kwanza mstari, au utaangalia uso wangu?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wake, akauweka kwenye kiganja changu. Ulikuwa na joto la mwili wake.

"Kaa nazo zote mbili. Kesho wakishakagua tunakibomoa chumba. Na hayo mengine tuyabomoe pia, kuliko kuyajenga juu ya msingi huu."

Alikuwa ameshageuka kuondoka ukuta ulipohema.

Ulikuja mvumo mrefu, ukakwama katikati, ukatoka kwa shida. Nilikuwa nimeusikia mara mia. Sikushtuka hata kidogo, hadi nilipoona mgongo wa Fundi umekakamaa.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Ni hewa kwenye matundu. Kila siku inafanya hivyo."

"Matundu nimeyaziba."

"Lini?"

"Tangu Jumatatu. Kwa ajili ya kipimo cha kesho. Nimeyaziba mwenyewe kwa silikoni, juu na chini. Humo haipiti hata pumzi ya sisimizi."

Tulitazamana. Nilitaka kumwambia kwamba labda amesahau tundu moja, lakini nilikuwa nayaona yote kutoka pale niliposimama, mistari myeupe ya silikoni, safi kama anavyofanya kazi zake zote. Mbwa aliyekuwa amelala chini ya makreti akanyanyuka, akaondoka taratibu, mkia kati ya miguu.

Ukuta ukahema tena. Kisha kutoka ndani tukasikia mtu anazungumza.

Maneno hayakusikika. Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu anayemsimulia mwenzake jambo, inasema kidogo, inanyamaza kama inasikiliza, inasema tena. Nilitazama saa. Tisa na dakika kumi. Nilifungua kiganja: funguo zote mbili zilikuwa mkononi mwangu.

"Usifungue," Fundi akasema.

"Kesho hakitakuwepo. Nitaishi miaka mingapi bila kujua?"

Alinijia, akasimama ubavuni kwangu, bega lake likagusana na langu. Alikuwa bado ana hasira, niliiona kwenye taya lake, lakini alisimama. Nilitia ufunguo. Ile sauti ya ndani ikakatika palepale, kama redio iliyozimwa.

Chumba kilikuwa kitupu.

Sakafu ya saruji, waya za vipima joto, benchi la mbao tulilokuwa tukikalia wakati wa kupima. Hakuna pa mtu kujificha. Hewa ilikuwa tulivu na nzito, hewa ya chumba alichotoka mtu sasa hivi.

"Unaona?" Fundi akasema, ila sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda.

Nikaitoa kamera ya joto. Tunaitumia kutafuta mahali hewa inapovuja. Penye baridi inaonyesha bluu, penye joto inaonyesha rangi ya chungwa. Nikaielekeza kwenye benchi.

Kulikuwa na alama mbili, bega kwa bega. Moja upande wa mlango, imekoza kama kaa la moto. Nyingine upande wa dirisha, imefifia, inapungua polepole tukiitazama.

"Watu wawili," nikasema.

"Ni jua hilo la dirishani."

"Jua haliingii humu kabla ya saa kumi na moja. Mbavu nilizichora mimi."

Nikashusha kamera sakafuni. Nyayo. Nyayo ndogo za mtu asiyevaa viatu, zinang'aa chungwa juu ya saruji ya bluu, zimetoka kwenye benchi zikaelekea ukuta wa nyuma. Zilikuwa za mtu mmoja tu. Zilifika ukutani zikaishia hapo, unyayo wa mwisho umekatwa nusu, kama aliyeuacha aliingia ndani ya ukuta.

Fundi alinishika mkono, akaubana. Kisha nikamsikia anavuta pumzi na kuachia tusi moja dogo, la kujitukana mwenyewe.

"Tundu la moshi."

"Tundu gani?"

"Nilitoboa nyuma tulipopima moshi, tupitishe lile bomba. Nikaliziba kwa plaiwudi." Akapitisha vidole kwenye ukingo wa ubao. "Skrubu sikuzirudisha. Nilisema nitazirudisha kesho, halafu..."

Akausukuma ubao. Ukaanguka upande wa pili bila kelele. Mtu mdogo wa mwili, akiinama, angepita bila taabu.

Na mtu mdogo wa mwili alikuwa pale kijiani, kati ya chumba changu na nyumba yake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndala zake mkononi.

"Usinielekeze hicho kidude machoni," alisema Mama Mapazia.

*

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Leo umewahi. Kawaida yako unakuja jioni, unasoma vitu vyako, unaondoka. Nakuona dirishani kwangu."

"Mama," Fundi alisema, "mama, unafanya nini humu?"

"Nakaa. Hairuhusiwi?"

"Kila siku?"

"Wewe kila siku huli?" Akavaa ndala moja, akaacha nyingine. Nilipomwona vile, hasira yote niliyokuja nayo ilinitoka ikaniacha mtupu. "Siku ya kwanza nilikuja kukuharibia," akaniambia. "Nisifiche. Nilikuja na mkasi wa mapazia nikate hizo waya zako zote, useme mwenyewe kazi imekushinda, uondoke uende zako. Nikapenya pale. Nikashika waya wa kwanza. Ndipo nikamsikia."

"Ulimsikia nani, mama?"

"Usiniulize nani. Miaka thelathini na moja nimelala karibu na kifua kile. Ningekijua katikati ya vifua elfu."

Fundi akachuchumaa mbele yake. "Mama, ile ni hewa tu. Inapanda kati ya vioo, inapita kwenye..." Akakwama. Alikumbuka silikoni yake.

Mimi ndiye niliyebuni ule ukuta. Nilikuwa na maelezo ya kila kitu: jinsi hewa inavyopanda, mahali inapotokea, kwa nini inavuma. Niliyafungulia mdomo maelezo yale, nikaufunga.

"Nilikwambia," Mama Mapazia alimwambia mwanawe bila ukali. "Nilisema ukuta una mtu. Ukacheka."

"Nilidhani unamsema yeye vibaya."

"Nilikuwa namsema vibaya pia." Akanitupia jicho. "Kila saa tisa. Ndiyo saa baba yenu aliyokuwa akiingia ndani kukwepa jua, tunakaa, namweleza yaliyotokea. Basi nikaja namweleza habari zako. Nimemshtakia yote. Nimemwambia una mtoto. Nimemwambia unabishana. Nimemwambia unapiga hesabu mpaka za jua, pazia hutaki kuliona, na mwanangu ukimwita anaacha chakula mezani."

"Yeye akasemaje?"

Nilishangaa kusikia ni mimi niliyeuliza. Hata yeye alishangaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alinitazama kama mtu.

"Yeye anahema tu. Ila namjua. Nikisema jambo la maana anahema taratibu. Nikianza kukusema ovyo anahema kwa nguvu, kama zamani nikimchosha na maneno." Akafuta pua kwa upindo wa kanga. "Leo nimekaa, nikatafuta jambo jipya la kukusema. Sikupata. Nimeishiwa sababu."

Nilitazama dirishani kwake. Cherehani ndani ya nyumba yake ilikuwa na kitambaa kilichobanwa nusu, sindano chini.

"Mama," nikasema polepole, "mle ndani, kwenye benchi, unakaa upande gani?"

"Wa mlango."

"Hujawahi kukaa upande wa dirisha?"

"Nitakaaje upande wa dirisha?" alijibu, kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Dirishani ni pake. Siku zote anapenda mwanga."

Fundi aligeuka kunitazama, na ndani ya macho yake nikaona anaona nilichokuwa naona: ile alama ya pili, iliyofifia, mahali ambapo jua halifiki kwa sababu mimi mwenyewe nimelizuia.

"Wati mia ni zako, mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kunong'ona. "Mia nyingine sikujua ni za nani."

Hakuelewa mambo ya wati, lakini alielewa. Aliitikia kwa kichwa.

Nikamgeukia Fundi. Nilikuwa bado nimezishika zile funguo mbili, zimeniacha alama kiganjani. "Nisamehe. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Nilipaswa kukutazama usoni."

"Unaniamini mimi, au unaamini hesabu?"

"Hesabu ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea majina."

Alijaribu kuushika uso wake usicheke, akashindwa. Nikamrudishia ufunguo wake. Hakuuchukua, alichukua mkono mzima.

"Baba angekuwepo leo," alisema, "ningemwambia huyu ndiye."

"Mwambie basi," mama yake akasema. "Unamngoja nani?"

Fundi, mwanamume mzima anayening'inia kwenye kamba ghorofa ya kumi na tano, alisimama mbele ya tundu la plaiwudi akaona haya. Alikohoa. "Baba," akasema kuelekea gizani mle, "huyu ndiye."

Hatukusikia kitu. Mama Mapazia aliinama akavaa ndala ya pili, akajipangusa magoti, akasimama.

"Mtoto wako ana miaka mingapi?"

"Mitano, mama."

"Anaogopa giza?"

"Giza haogopi. Anaogopa dirisha lililo wazi. Anasema anajiona nje."

"Unaona?" akamwambia mwanawe, kama ameshinda kesi ya miaka. "Unaona sasa? Nyumba yenye mtoto lazima iwe na pazia, huyu mke wako ajenge atakavyojenga. Lete vipimo vya dirisha Jumamosi. Na mtoto aje, achague rangi mwenyewe."

Mke wako. Alilisema kama mtu anayeweka sufuria mezani, akapita katikati yetu kwenda kwenye cherehani yake.

Nyuma yetu, ndani ya chumba kilichozibwa, ukuta ukahema mara moja. Haukukwama. Ulitoka wote, mrefu, laini, mpaka mwisho, kama pumzi ya mtu aliyefika nyumbani akavua viatu.

*

Wakaguzi walikuja asubuhi yake, wakapiga maji, wakapima, wakaandika. Chumba kilipita. Fundi alipozitoa silikoni matundu yakaanza kuvuma, na kila aliyekuwepo alisikia ni upepo tu, filimbi nyembamba isiyofanana na kifua cha mtu yeyote. Mafundi walitaka kubomoa siku hiyohiyo. Niliwaomba wasubiri hadi jioni.

Saa tisa nilimfungulia Mama Mapazia mlango, apite kama mgeni na si kwa kuinama. Alikaa saa nzima, mimi nikiwa nje.

Jumamosi nikaenda kwake na vipimo vya dirisha, mwanangu mkononi, na karatasi ya mwisho ya chumba kile. Sikuwa na hakika kama nimwonyeshe. Mwenyewe ndiye aliyeiona kwenye mkoba, akavaa miwani.

"Huu mstari ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Jana?"

"Jana, saa tisa hadi saa kumi."

"Mimi na nani?"

"Wewe peke yako, mama. Wati mia."

Aliupitisha mstari ule kidole mwanzo hadi mwisho, kama anavyopima upindo. Hakulia. Mwanangu alikuwa ameshakimbilia sebuleni, Fundi anamfundisha kupuliza pumzi kwenye kioo cha meza na kuchora uso juu ya ukungu wake.

"Nilijua," akasema hatimaye. "Jana nilikaa upande wa dirisha. Palikuwa pamepoa." Akakunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya kifua cha blauzi yake. "Alikuwa ananingoja mimi tu, nikubali. Haya, ingia ndani, mwanangu. Unasimama mlangoni kama mdai."

Niliingia. Na kwa mazoea ya kazi nikakihesabu kile chumba: mama mia, Fundi mia, mimi mia, mwanangu bado mdogo, nikamhesabia sabini. Wati mia tatu na sabini, dirisha wazi, jua la asubuhi bado halijafika upande ule.

Mle ndani palikuwa na joto zaidi ya hapo. Nililisikia usoni, nikalisikia mgongoni. Mwanangu alikuwa ananiita nikaone sura aliyoichora kwenye kioo, nami nikaiacha penseli mkobani, nikaenda.